Wanaolicheka Dubwana

Katika mambo yanayodharauliwa na watu wanaojihesabu kuwa wameelimika, ni machache yanayodharauliwa kwa wepesi kama sinema za madubwana. Mwambie mtu wa namna hiyo kwamba unapenda tenzi, atakusikiliza. Mwambie kwamba unapenda mpira, au kukusanya stempu, atakustahimili. Lakini mwambie kwamba unapenda picha ya Kijapani ya mwaka wa 1954 iitwayo Godzilla, ambamo mnyama mwenye kimo cha mita 50 anatoka baharini na kuuponda mji wa Tokyo, na papo hapo atatabasamu tabasamu lile ambalo watu wazima huwawekea watoto. Kisha atakuambia, kama mtu anayefunua siri, kwamba dubwana lile ni mtu aliyevaa vazi la mpira, na kwamba nyumba zile ni vijumba vya mfano.

Siri gani hiyo? Hakuna mpenzi wa sinema hizi asiyeijua. Mwulize yeyote kati yao, atakutajia mpaka jina la mtu aliyekuwa ndani ya vazi: Haruo Nakajima, aliyelivaa tangu 1954 hata 1972, katika picha 12 mfululizo. Atakueleza kwamba vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, gumu kama gogo, na kwamba aliyelivaa aliweza kupiga hatua chache tu kabla ya kuzidiwa na joto la taa. Atakueleza kwamba mlio wa dubwana ulipatikana kwa kulegeza nyuzi za fidla kubwa kabisa, ile inayopigwa kwa kusimama, na kuzisugua kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo. Mtu ajuaye yote haya hakudanganyika. Aliyedanganyika ni yule adhaniye kwamba akiliona vazi ameona kila kitu.

Nisingeishughulikia dharau hii kama ingekaa vinywani mwa wazee peke yao. Lakini katika chuo cha ualimu ninamofundisha nimewasikia vijana, ambao baada ya muda si mrefu watakabidhiwa watoto wa watu, wakiona haya kukiri kwamba wanazipenda sinema hizi. Na ili wasichekwe, wao huwahi kucheka kabla ya wengine. Picha haijafika dakika ya tano, nao wamekwisha kuwa mahodari wa kutafuta mahali zipu ilipo. Hawaoni kitu kingine mpaka mwisho. Mwalimu aliyezoea kucheka kabla ya kutazama atakwenda nayo tabia hiyo darasani, na siku mtoto atakapomletea hadithi ya ajabu aliyoitunga usiku kwa mwanga wa taa, ataitafuta zipu ya hadithi hiyo vile vile.

Tuichukue hoja yao kubwa, kwamba kinachoonekana wazi kuwa cha kutengenezwa hakiwezi kugusa moyo wa mtu mzima. Wajapani wenyewe wana mchezo wa vikaragosi uitwao bunraku, mchezo wa karne nyingi. Kikaragosi kikubwa huendeshwa na watu watatu, nao hawajifichi nyuma ya pazia. Wamesimama jukwaani, aghalabu wamevaa mavazi meusi, mbele ya macho ya watazamaji wote. Watu wazima hukaa wakawaona mafundi hao, wakaona mikono yao ikisogeza mkono wa mti, na wakatokwa na machozi kwa ajili ya kikaragosi. Hakuna mtaalamu awaitaye wajinga. Basi kwa nini machozi ya mti yawe sanaa, na hofu ya mpira iwe upuuzi? Na sisi tusiende mbali. Mtoto aliyeketi penye moto anajua kwamba sauti nene ya zimwi inatoka katika kinywa cha nyanya yake asiye na meno. Anajua, na anaogopa, tena kesho ataomba hadithi ile ile irudiwe. Kujua na kuogopa havigombani. Hukaa katika kifua kimoja, na utamu wa hadithi unatoka hapo.

Kuna utamu mwingine ambao wenye kucheka hawataupata kamwe, nao ni ule wa kuutambua ufundi. Mwaka wa 1933 ilitoka Marekani picha ya King Kong, sokwe mkubwa anayekamatwa kisiwani na kupelekwa New York. Kong alitengenezwa na fundi aliyeitwa Willis O'Brien na wenzake. Sanamu waliyoitumia zaidi ilikuwa na urefu wa sentimita 45 hivi: mifupa ya madini, mwili wa mpira, na juu yake manyoya ya sungura. Sinema ina picha 24 katika kila sekunde. Kwa kila picha fundi alikuja akasogeza mkono kidogo, shingo kidogo, kidole kidogo, akajitenga, picha moja ikapigwa, akarudi tena. Dakika moja ya Kong akitembea yataka kazi hiyo ifanywe mara 1440. Ukitazama vizuri utaona manyoya yake yakitetemeka pasipo upepo. Ni mahali vidole vya fundi vilipogusa. Wenye kucheka husema hiyo ni kasoro. Ni kasoro, sikatai. Lakini mimi kila ninapoyaona manyoya yale yakitetemeka huona mtu aliyesimama katika chumba chenye joto, akiwa na subira ambayo wengi wetu hatuna hata ya kusahihisha daftari moja mpaka mwisho.

Mjapani Eiji Tsuburaya aliipenda mno kazi ya O'Brien, naye angetaka kumfanya Godzilla kwa njia hiyo hiyo. Muda haukumruhusu. Ndipo akamtia mtu katika vazi, akajenga Tokyo ndogo ambayo kipimo chake kilikuwa sehemu moja ya ishirini na tano ya mji wenyewe, akaifanya kamera iende mbio kuliko desturi. Picha zilizopigwa kwa mbio zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, kila kitendo huwa kizito na cha polepole. Hapo ipo fizikia ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuieleza. Kipande cha mbao kikianguka kutoka mezani kinafika chini kufumba na kufumbua, bali ukuta wa jumba refu ukianguka huchukua muda. Tsuburaya alijua kwamba jicho letu hupima ukubwa kwa muda wa kuanguka, akalipa jicho muda huo. Huyu ndiye mtu ambaye kazi yake inaitwa mchezo wa watoto.

Walakini ufundi peke yake usingenitia kushika kalamu. Liko jambo zito zaidi.

Katika hadithi za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka wa 1870, imo ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alianza kula mifugo. Wakaenda kushtaki, na sultani akajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akazidi kula. Jibu likawa lile lile. Akaanza kula watu, sultani akamtetea. Kila siku paka alikuwa mkubwa zaidi, na kila siku mwenye amri alikuwa na neno la kumwachia. Mpaka alipowala wana wa sultani mwenyewe, ndipo sultani alipotambua kwamba huyo si paka tena, bali ni Nunda mla watu. Sijapata kusikia mtoto akiuliza yawezekanaje paka awe mkubwa hivyo. Mtoto huelewa mara moja kwamba anaambiwa habari za sultani.

Sasa tutoke Unguja twende bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Machi, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika visiwa vya Marshall. Nguvu yake ilikuwa kiasi cha mara 1000 ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945, na iliwapita mbali hata wataalamu waliolitengeneza, kwani hesabu yao ilikuwa ndogo kuliko lililotokea. Majivu yenye sumu yaliwaangukia watu wa kisiwa cha Rongelap, wanaume kwa wanawake na watoto. Yaliwaangukia pia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa katika chombo kilichoitwa Daigo Fukuryu Maru, maana yake Joka la Heri la Tano, nacho kilikuwa nje ya mpaka uliotangazwa kuwa wa hatari. Wote waliugua. Aikichi Kuboyama, aliyekuwa mtu wa simu ya upepo katika chombo hicho, alifariki tarehe 23 Septemba. Katika masoko ya Japani samaki walipimwa kwa mashine na kutupwa.

Siku 41 baada ya kifo hicho, tarehe 3 Novemba, picha ya Godzilla ilianza kuonyeshwa. Inaanza na nini? Inaanza na chombo kidogo baharini, mabaharia wamepumzika sitahani, mmoja anapiga gitaa. Ghafla mwanga mkali unawaka majini, na chombo kinateketea. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji mkalimani. Dubwana ni mnyama wa kale aliyetolewa katika makazi yake na majaribio ya mabomu, naye anapita na sumu hiyo mwilini na katika pumzi zake. Mwongozaji wa picha, Ishiro Honda, alikuwa askari nchini China, na aliporudi kwao mwaka wa 1946 alipitia Hiroshima akayaona magofu. Mtu huyu hakuwa akitafuta kichekesho. Ndani ya garimoshi mwanamke kijana analalamika juu ya samaki wenye sumu na mvua yenye sumu, na sasa dubwana tena, yeye aliyeponea chupuchupu Nagasaki. Hospitalini daktari anamwekea mtoto mdogo mashine ya kupimia sumu, mashine inalia, naye daktari anatikisa kichwa. Zaidi ya tiketi milioni 9 ziliuzwa Japani. Watu wale wote, je, walikwenda kudanganywa na vazi la mpira?

Hebu sasa tazama dharau ilifanya nini. Mwaka wa 1956 picha hii ilitolewa upya kwa ajili ya Wamarekani. Waliitia mwigizaji wao, Raymond Burr, akicheza mwandishi wa magazeti, na ili apate nafasi walikata sehemu kubwa ya picha yenyewe. Yaliyokatwa hayakuwa mambo ya ovyo ovyo. Yule mwanamke wa garimoshi na Nagasaki yake hakuachwa. Mwishoni mwa picha asili mzee Yamane, mtaalamu wa wanyama, anasema kwamba haamini kuwa Godzilla yule alikuwa wa mwisho, na kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea huenda mwingine akatokea. Maneno hayo yaliondolewa, na mahali pake mtazamaji akaambiwa kwamba hatari imekwisha na dunia yaweza kuishi tena. Naam, dubwana lilibaki zima, mkia na meno. Jeraha ndilo lililotolewa. Na ulimwengu uliokuwa nje ya Japani, ulioiona picha hiyo iliyokatwa, ukacheka, ukasema kwamba Wajapani ni mahodari wa kutengeneza wanasesere.

Ni mpaka mwaka wa 2004, miaka 50 kamili, ndipo picha asili ilipoonyeshwa kwa mapana katika majumba ya sinema ya Marekani. Na katika miaka hiyo yote ni nani waliokuwa wakizilinganisha picha mbili hizi, wakiandika katika magazeti yao madogo nini kimekatwa na wapi? Si wataalamu wa vyuo vikuu, ila wachache. Ni hao hao wapenzi wanaochekwa, wenye kuweka sanamu za plastiki juu ya kabati la vitabu.

Atasema mtu: mwalimu ameokota picha moja nzuri, akaificha takataka nyuma yake. Hapana, takataka naijua. Baada ya 1954 zilifuata picha nyingi, na baadhi yake ni hafifu. Katika ile ya 1967 Godzilla ana mtoto anayefundishwa kupuliza moto, naye anatoa pete za moshi; sitamlaumu mtu akiondoka hapo akanunue njugu. Watengenezaji waliona kwamba watoto ndio waletao fedha, wakalifanya dubwana kuwa rafiki wa watoto, na ile bahari ya 1954 ikasahauliwa kwa miaka kadhaa. Hata hivyo hakuna anayewaambia wapenzi wa mashairi wajitetee kwa kila shairi bovu lililopata kuandikwa.

Liko la aibu zaidi, na mwanafunzi wa Kenya analistahili kuliko wengine. Katika King Kong watu wa kisiwani wanaonyeshwa kama washenzi wenye manyoya na ngoma, wanaomtamani mwanamke mweupe ili wamtoe sadaka kwa sokwe. Miaka 29 baadaye, katika picha ya Kijapani iliyowapambanisha Kong na Godzilla, waigizaji wa Kijapani walipakwa rangi nyeusi nyeusi ili wawe watu wa kisiwa hicho hicho cha kubuni kwa jina jingine. Mambo haya yanaudhi, na mpenzi wa kweli asitafute maneno ya kuyapaka sukari. Lakini mwenye kucheka zipu hatakuambia habari hii pia, maana hakutazama. Mwenye kupenda ndiye atakayekuambia kwamba mwigizaji wa yule chifu wa kisiwa mwaka wa 1933 aliitwa Noble Johnson, Mmarekani mweusi, ambaye mwaka wa 1916 yeye na wenzake walianzisha kampuni yao ya sinema, Lincoln, ili watu weusi waonekane kama watu: askari, wafanya kazi, wenye nyumba na heshima. Kampuni ilikufa katika miaka ya 1920. Mwenye kampuni akavishwa manyoya. Tangu nilipojua hilo siwezi kuitazama sehemu ile ya picha kwa macho niliyokuwa nayo kwanza, na sioni kwamba upendo wangu kwa sokwe wa O'Brien umenizuia kukasirika.

Tena kupenda huku hakukuwa kwa bure. Mtoto mmoja wa shule wa Los Angeles, Ray Harryhausen, aliiona King Kong mwaka wa 1933, akarudi kuiona tena na tena, akaanza kutengeneza sanamu zake mwenyewe nyumbani. Alikutana na kijana mwingine mwenye wazimu ule ule, Ray Bradbury, aliyekuwa akiandika hadithi. Nadhani walimu wao waliona kwamba wanapoteza wakati. Baadaye Harryhausen alifanya kazi pamoja na O'Brien mwenyewe. Mwaka wa 1953 akaumba mnyama wa picha iitwayo The Beast from 20,000 Fathoms, ambayo chimbuko lake ni hadithi ya Bradbury: mnyama aliyeamshwa na bomu, akauingia mji. Ni picha hiyo iliyompa Tomoyuki Tanaka, mtayarishaji wa Kijapani, mwelekeo wa kumfanya Godzilla mwaka uliofuata. Na mwezi Machi 2024, miaka 70 tangu majivu ya Bikini, picha ya Godzilla ilipata tuzo ya Oscar kwa mara ya kwanza, tuzo ya ufundi wa macho. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ameipenda habari hii maisha yake.

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo yenye adabu kuliko zote. Husemwa: kama mnataka kukumbuka mabomu, si msome habari zake zilivyo, kuliko kuzivika mkia? Tusome, kwa hakika. Lakini tangu 1945 mpaka 1952 Japani ilikuwa chini ya utawala wa majeshi ya kigeni, na kuandika juu ya mabomu yale kulibanwa na wakaguzi. Watu walikuwa na maiti wao, nao hawakuwa na ruhusa ya kuwalilia magazetini. Utawala ulipoondoka, hata miaka mitatu haikupita, dubwana lilikuwa limekwisha kutoka baharini.

Mwenye kutaka kulicheka na aitazame picha asili, aruke zipu, aende mpaka usiku ule Tokyo inapoungua. Kando ya barabara amechutama mama, amewakumbatia watoto wake, moto umewazunguka, wala hapana njia. Mama hapigi kelele. Anawaambia watoto kwamba bado kidogo tu watakuwa pamoja na baba yao. Picha haituambii baba huyo alifia wapi. Mwaka ulikuwa 1954, na ukumbini walijaa wake ambao waume zao hawakurudi.